Akutukanaye Hakuchagulii Tusi

Jioni moja huko Msambweni nilimkuta mama karanga, mkaanga samaki, akigeuza tafi kwenye karai. Mafuta yalikuwa yanatokota, moshi unamfuata kila anakoelekeza uso, na leso aliyojifunga kiunoni ina madoa ya tangu asubuhi. Kijana wa bodaboda akasimama mbele yake bila kuzima pikipiki. Mama akamkumbusha deni: tafi watatu, tangu wiki iliyopita. Kijana akaona haya, na haya ikageuka ukali. Akamwambia, watu wote wakisikia, aende akaoge kwanza, ananuka samaki mpaka kwenye nywele. Kwenye benchi mmoja akacheka, wengine wakatazama chini. Mama hakuinua uso. Alimgeuza samaki aliyekuwa karibu kuungua, akasema, "Akutukanaye hakuchagulii tusi, mwanangu. Lakini tafi ni watatu."

Methali hii huelezwa kwa mkato: anayekutukana hatafuti maneno ya staha, basi likimtoka lolote usishangae. Sawa. Lakini maelezo hayo yanaishia barazani, hayaingii ndani. Ndani kuna kitenzi, na kitenzi chenyewe kimenyambuliwa. Wahenga hawakusema kuchagua, walisema kuchagulia.

Ukunda nina muuzaji wangu wa nyanya. Nikifika kwake sishiki kitu, yeye hunichagulia. Anazigeuza moja moja, iliyopondeka anaitenga, ananitilia zilizo ngumu kidogo kwa kuwa anajua sipiki leo. Kumchagulia mtu ni kumjua. Unamtazama, unampima haja yake, ndipo mkono unakwenda kwenye fungu. Mwenye kutukana hafanyi hivyo. Anaingiza mkono kapuni mwake na kukurushia kilichokuwamo, kiwe kimeoza au hakijaoza. Kwa hiyo tusi ni habari ya kapu lake kabla halijawa habari yako. Yesu aliwaambia Mafarisayo jambo la jirani na hilo, kwamba kinywa huchota moyoni.

Faraja nzuri. Ila kwa siku kadhaa nilikuwa naitilia shaka, kwa sababu yule kijana alichagua. Harufu ya samaki ndiyo kazi ya yule mama. Ndiyo ada ya shule ya watoto wake, ndiyo kodi ya nyumba. Kati ya matusi yote duniani aliliendea lile lililokaa karibu kabisa na mkate wake. Tutasemaje kwamba hakuchagua?

Penina naye alichagua. Kitabu cha Samweli wa Kwanza kinafunguka na nyumba ya Elkana yenye wake wawili, mmoja ana watoto na mwingine, Hana, hana. Mwaka baada ya mwaka familia ilipokwea kwenda Shilo kutoa sadaka, Penina alimchokoza mwenzake kwa jambo hilo hilo la tumbo, mpaka Hana akalia na kukataa chakula. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Uke-wenza na vijembe vyake anaujua, na leso zilizonunuliwa kwa ajili ya maandishi tu, ili jirani asome, ameziona. Penina alijua pa kuchoma. Kisha Hana alipokwenda kuomba, midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli akamdhania mlevi na kumkaripia. Suto la pili, tena kutoka kwa yule aliyepaswa kumfuta machozi. Hana akajibu kwa adabu kwamba hakulewa, ana uchungu. Eli akarudi nyuma akambariki.

Nikiwatazama Penina na yule wa bodaboda pamoja, naona methali haijashindwa. Walichagua, ndiyo, lakini hawakumchagulia mtu. Walitafuta kidonda, na anayetafuta kidonda hamwoni mwenye nacho. Kijana aliona samaki, hakumwona mama aliyemkopesha.

Kisa ninachokirudia kuliko vyote ni cha Shimei, katika sura ya 16 ya Samweli wa Pili. Daudi amekimbia Yerusalemu. Mwanawe Absalomu amempindua. Mfalme amepanda Mlima wa Mizeituni akilia, miguu mitupu, kichwa amekifunika. Alipofika Bahurimu akatokea mtu wa ukoo wa Sauli, akawa anatembea ubavuni mwa kilima sambamba na mfalme, anatupa mawe, anatimua vumbi, anamwita mtu wa damu. Abishai, mpwa wa mfalme, akaomba ruhusa avuke akakiondoe kichwa cha yule mbwa mfu. Tazama jinsi tusi linavyozaa: hata kabla ya upanga, Shimei ameshaitwa mbwa. Daudi akakataa. Akasema mwanangu wa kumzaa ananitafuta roho, seuze huyu Mbenyamini. Mwacheni alaani, huenda Bwana ndiye aliyemwagiza.

Kwa nini alinyamaza? Shimei alikuwa amekosea. Alimshtaki Daudi kwa damu ya nyumba ya Sauli, na Daudi alikuwa amempata Sauli mkononi mwake mara mbili akamwacha hai. Lakini kulikuwa na damu nyingine, ya Uria Mhiti, aliyewekwa mbele ya vita ili afe na mkewe achukuliwe. Hiyo Shimei hakuitaja. Alirusha jiwe kwa upofu likatua palipo kweli. Aliyetukana hakuchagua, aliyetukanwa akachagua: akaliacha la uongo lipite, akaliokota lililomhusu. Sijui somo gumu kuliko hili katika Maandiko. Wengi wetu tukitukanwa tunatafuta kosa dogo katika tusi, tunaliinua juu kama ushahidi, na kweli iliyokuwamo tunaifukia.

Msomaji asidhani Daudi alikuwa malaika. Akiwa kitandani pa kufa alimwambia Sulemani asimwache Shimei afe kwa amani, na Sulemani akalitimiza. Tusi la Bahurimu lilikaa moyoni mwa mfalme miaka yote ile. Hili wahubiri hulipita haraka, mimi nalipenda kwa ukweli wake.

Sasa neno lenyewe. Biblia ya Muungano, iliyotoka 1952, ina kitenzi ambacho vijana wa Diani wakikisikia wanageuka kuulizana: kufyolea. Kimo katika sura ya 5 ya Mathayo, na nacho kimenyambuliwa vile vile kama kuchagulia. Kufyoa ni kusema kwa ufedhuli. Kumfyolea mtu ni kumtupia ufedhuli huo yeye hasa. Mwandishi wa Kigiriki aliliacha pale neno la Kiaramu bila kulitafsiri: raka. Maana yake ni mtu mtupu, hamna kitu. Sisi tuna letu: "Bure kabisa wewe!" Kila siku stejini pale Ukunda utalisikia, na aliyelisema atakuwa amelisahau kabla abiria hajapanda.

Yesu halisahau. Na angalia alipoliweka: chini ya amri ya kutoua. Anaanza na muuaji, anashuka kwa mwenye hasira, anafika kwa mwenye kumwita nduguye mtupu, na wote anawapeleka mbele ya hukumu. Nilipokuwa mdogo niliona amezidisha. Kisha ukaja usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, Likoni, kituo cha polisi kikavamiwa, na mauaji na uchomaji wa nyumba ukasambaa kuja huku Kwale. Waliolengwa walikuwa na jina moja, wabara. Jina hilo lilikuwa limetajwa midomoni muda mrefu kwa kubeza, kama vile upande wa pili ulivyozoea kumwita mpwani mvivu. Mtu akishaitwa mtupu, aliyeshika panga haoni kama anakata kitu. Tangu hapo sijaona tena kuwa Yesu alizidisha.

Jirani zangu Waislamu, ambao hapa Kwale ndio wengi, wana katazo lao katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, la kudharauliana na kupachikana majina mabaya. Siku ya mazishi au harusi, tunapochanganyika, hilo ni jambo moja ambalo shehe na mchungaji wanaweza kulisema kwa zamu na mtu asijue nani kamaliza wapi.

Swali hunijia: je, Yesu naye hakuwaita Mafarisayo wapumbavu, na makaburi yaliyopakwa chokaa? Aliwaita. Naona tofauti iko katika mwelekeo. Tusi hushuka, humwendea mchuuzi, mgumba, mgeni. Lawama ile ilipanda kwa wakubwa wenye uwezo wa kumwua aliyeisema, na iliwaachia mlango wa kutubu. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inamtaka mtu amkanye jirani yake asije akabeba dhambi kwa ajili yake. Kunyamazia kosa si upole. Yule mama wa Msambweni alilitaja deni.

Kuna tusi jingine ambalo halimwendei mtu mmoja, linabandikwa kabila zima. Wadigo na Waduruma, wenyeji wa Kwale, pamoja na ndugu zao saba wa kaskazini, waliitwa Wanyika, watu wa porini, na wakazi wa miji ya pwani. Mmishonari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alilikuta jina hilo, akaliandika vitabuni. Lilidumu karibu miaka mia nyingine, hadi wenyewe walipolishika la Mijikenda katika miaka ya 1940. Mwaka 2008 UNESCO ikaingiza baadhi ya misitu yao mitakatifu ya kaya kwenye urithi wa dunia. Watalii wanaoteremka hoteli za Diani leo wanalipia kuingizwa Kaya Kinondo, wakifunikwa kaniki, wakiambiwa waingie kwa heshima. Yaani pori lile lile lililokuwa tusi.

Katika Injili pia, Nathanaeli aliuliza kama Nazareti inaweza kutoa chochote chema. Jina Wakristo lenyewe, wengi wa wachambuzi huona lilianza Antiokia kama jina la kubandikwa na watu wa nje, na waraka wa kwanza wa Petro unawaambia wanaoteswa kwa jina hilo wasione haya. Waraka kwa Waebrania unakwenda mbali zaidi. Unasema Musa aliona suto la Kristo ni mali kuliko hazina za Misri, na unawaita wasomaji watoke nje ya kambi wakibeba suto hilo. Nje ya kambi ndiko kulikotupwa kilichokataliwa. Ndiko kwa Wanyika, ukipenda.

Kwa Kigiriki suto hilo linatoka katika shina la kitenzi kimoja, oneidizo. Kimo katika heri za Mlimani, wanapotajwa wanaoshutumiwa. Kimo msalabani, kwa Mathayo, wanyang'anyi wote wawili wanapomsuta aliyesulubiwa kati yao. Na kimo mahali pengine ambapo sikutarajia: sura ya kwanza ya Yakobo, panaposemwa kwamba Mungu huwapa wote kwa ukarimu, na bila kitendo hicho. Biblia ya Muungano imetia kukemea. Mimi ningethubutu kutia neno letu la nyumbani: masimango.

Masimango ni tusi la mfadhili. Ni shangazi aliyekusomesha, kisha kila Idi au Krismasi, sahani ikiwa mkononi mwako, anawatajia wageni ni nani aliyekununulia viatu. Hasemi uongo, wala hatumii neno chafu. Lakini wali unakukwama kooni. Naye huyu, tofauti na wa bodaboda, amekuchagulia kweli: anakujua tangu utotoni, anajua kipimo chako. Ndiyo maana linauma kupita tusi la mpita njia. Yakobo anasema Mungu, anayejua hesabu yote ya tulichopewa, haisomi mbele ya wageni.

Wiki mbili baadaye nilipita tena Msambweni, nikanunua pono, nikamwuliza mama kama yule kijana alilipa. Akafuta mikono kwenye leso, akatazama stejini kwanza.

"Alilipa wawili," akasema kwa sauti ya chini. "Wa tatu nimemwachia. Na wewe ukimwona, usimwambie nimekwambia."