Kimya Si Kura

Muhtasari wa mkutano wa kijiji huwa na sentensi moja isiyokosekana: wajumbe wote walikubaliana. Mwaka huu nimeisoma mara nyingi, nikikusanya data za shahada yangu ya uzamili huko Majita, kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia kata yetu ya Kiriba hadi kata za jirani. Kila nikiikuta, swali ni lile lile. Aliyekaa kimya tangu mkutano unafunguliwa hadi unafungwa, naye amekubali?

Swali hili lina mizizi huku kwetu. Butiama si mbali na Kiriba, na ndiko alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1963, akitetea mfumo wa chama kimoja, alieleza demokrasia ya Kiafrika kwa picha ya wazee chini ya mti, wakijadiliana hadi wafikie mwafaka. Picha hiyo inapendeza. Tena inakubaliana na methali tuliyofundishwa tungali wadogo, kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini ukiitazama vizuri utaona ni nani wamekaa pale chini ya mti. Aliyekwenda kuteka maji hayumo. Na miaka kumi baadaye, Novemba 1973, Nyerere huyo huyo alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu, na mwafaka haukusubiriwa.

Leo sheria imeupanua ule mti. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia, na inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kwenye maandishi, basi, kila mtu ana pa kukaa.

Ila kabla ya ajenda ya kwanza, kuna uamuzi ambao mkutano haukuufanya: saa. Wavuvi wetu wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti kitu. Hurudi alfajiri. Kina mama huwapokea mwaloni, wakaanika dagaa na kuwageuza jua likipanda, huku wakifukuza ndege na kuliangalia wingu. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi katika siku hizo, mvuvi amelala na mwanikaji hawezi kuacha mtaji wake mchangani. Hakuna aliyewakataza kuja. Ni saa tu iliyowakataza.

Hata aliyefika hajamaliza safari. Katika kijiji kimoja nisichokitaja, ajenda ilikuwa ujenzi wa madarasa. Utaratibu ni ule unaojulikana Musoma Vijijini: wananchi huchangia nguvu kazi, yaani mawe, mchanga na maji. Ikapendekezwa kila kaya ilete madumu kumi ya maji. Mwenyekiti, mtu muungwana, aliuliza mara mbili: "Kuna mwenye neno?" Hakuna mkono ulioinuka. Ikaandikwa kwamba wote wamekubaliana.

"Kila kaya" linasikika kama neno la haki. Lakini kaya haina kichwa cha kubebea dumu. Dumu hubebwa na mama au binti, na kaya ya mjane inahesabiwa sawa na kaya yenye vijana wanne. Kesho yake mwaloni maneno yalikuwa mengi. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini hakuyasema jana. Akaendelea kugeuza dagaa. "Dada, ningeanzaje? Baba mkwe alikuwa amekaa pale mbele."

Mwenyekiti hakumnyima mtu nafasi. Lakini nafasi ile ilikuwa na bei, na bei haikuwa moja kwa wote. Kwa mzee wa safu ya mbele, kusema "hapana" kulikuwa bure. Kwa yule mama, kungemgharimu amani ya nyumba nzima.

Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, alitetea mwafaka kwa hoja ninayoipenda: haudai wote waamini kitu kimoja, unadai wakubaliane nini kifanyike. Asiyeridhika huweka tofauti yake kando ili kazi iende. Lakini Wiredu aliamini pia kwamba mwisho wa yote maslahi ya wanajamii ni mamoja, na hapo Mnigeria Emmanuel Chukwudi Eze akampinga. Kwenye suala la madumu nasimama na Eze, maana anayeamua na anayebeba si mtu mmoja. Hata hivyo hoja ya kwanza ya Wiredu siiachi, kwa kuwa inatuhukumu wenyewe: mtu hawezi kuweka kando tofauti ambayo hajapata kuiweka mezani.

Mzee mmoja niliyemweleza haya hakuridhika. "Mtu mzima ana mdomo," aliniambia. "Akinyamaza, shauri yake. Na nyie wasomi mkitugawa huku wanawake, huku vijana, mnatugombanisha." Sikumpuuza. Upo ukimya wa kuridhika, na yupo anayenyamaza kwa uvivu kisha akalalamika njiani. Lakini wajibu wa kusema unapimwa kwa gharama ya kusema. Asiyelipa chochote hawezi kuwapangia wenzake ujasiri.

Katika kijiji kingine nilimwona mtendaji akifanya jambo dogo. Mkutano aliuhamishia saa tisa alasiri. Watu wakakaa kwanza katika vikundi vya watu sita au saba, kisha msemaji mmoja akaleta hoja za kikundi chake. Hoja ya wajane ikafika mbele bila kuwa na sura ya mtu: kaya isiyo na nguvu ichangie kitu kingine, na vijana wenye bodaboda wasombe maji. Kikao kiliendelea hadi magharibi. Vijana wakadai mafuta. Wapo waliokataa hadi mwisho, na muhtasari ukaandika kwamba wamekataa na kwa sababu gani.

Sidai kwamba vikundi ni dawa. Navyo vina wakubwa wao. Mama mwenye mitumbwi mitatu huwasemea kina mama wenzake wasio na hata mmoja. Anayeandika kwenye bango kitita huchagua maneno gani yabaki. Na anayetamka "kwa hiyo tumekubaliana" ameshika madaraka makubwa kuliko anavyodhani.

Nawe msomaji, huna haja ya kwenda Majita kuyaona haya. Yamo kwenye kamati ya harusi uliyoingizwa WhatsApp, ambako kiwango cha mchango hutajwa saa tano usiku na kufuatiwa na onyo: asiyejibu tutahesabu amekubali. Wenye nacho hujibu kwa dole gumba. Wengine hunyamaza na kwenda kukopa.

Kama siku moja wewe ndiye utakayeshika kalamu, usianze kwa kuuliza nani anaunga mkono. Uliza kwanza mzigo huu ataubeba nani, halafu mtafute mtu huyo umuulize, mahali na saa anapoweza kukujibu "hapana" na jioni akarudi nyumbani kwake salama.