Baba Akiliwa Kete

Kafyu ya saa moja jioni ilipoanza nchini Kenya, Machi 27, 2020, wazazi wengi wa Mwiki, Ruiru, walijikuta nyumbani saa ambayo kwa kawaida wangekuwa bado kwenye foleni ya Thika Road. Aprili 6 eneo la Nairobi na viunga vyake likafungwa, Ruiru ikiwa ndani. Kafyu yenyewe haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Jioni zikawa ndefu, bando likaisha mapema, na ludo ikatoka chini ya kitanda.

Na ludo haifichi kitu. Kifungua mimba, msichana, amepata sita na kete yake inainyemelea ya baba. "Hebu kaangalie maji ya ugali," baba anasema. Kaka yake hajainuka tangu mchezo uanze. Mama anajifanya hakuiona kete ya kitinda mimba, maana akiila kutakuwa na kilio. Baba naye, dadu ikimwendea vibaya, husema ilianguka nje ya zulia na haihesabiki. Ikianguka palepale na sita, inahesabika.

Hapo linazuka swali ambalo mahubiri mengi hayaligusi: amri ya kuwaheshimu wazazi inafika hadi kwenye ubao? Mtoto akila kete ya baba yake, amekosa adabu?

Mwaka 1938 mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens. Alieleza kwamba mchezo una ulimwengu wake na sheria zake, na kwamba watu humvumilia mwizi wa mchezo kuliko yule anayeuvuruga. Mwizi angalau anakubali kwamba sheria zipo. Baba anayesema "Tosha, mkalale" mara tu anapozidiwa yuko katika kundi la pili.

Mwaka huohuo Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya, kitabu kuhusu maisha ya Wagikuyu. Kwa mila yao, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na ndiyo maana shosho (nyanya) humwita mjukuu "mume wangu" na watu wakacheka. Mwiki ina watu wa makabila mengi, lakini pale mila hiyo inapofuatwa, utani unageuza ubao. Kijana akimla baba kete, shosho ana haki ya kusema kwamba baba amechapwa na babake. Hakuna aliyevunjiwa heshima hapo.

Dadu nayo ina mjadala wake. Mitume walimpata Mathiya kwa kura, kwa hiyo Mkristo anaweza kuamini kwamba hata bahati ina Mwenyewe. Katika Uislamu, wanazuoni wengi hukataza michezo ya dadu hata isipochezwa kwa fedha, wakitegemea hadithi ya nardi, mchezo wa dadu, iliyomo katika Sahih Muslim. Bao la Lamu na Zanzibar, lenye mashimo 32 na kete 64, halina dadu, na pengine ndiyo sababu wachezaji wake hutaniana kwa ukali vile: aliyeshindwa hana bahati ya kulaumu. Baba wa ludo anayo. Ananuna kwa nini?

Kwa hiyo jibu ni hapana, mtoto hajakosa. Amemheshimu baba kwa kufuata sheria zilezile anazozifuata mwenzake yeyote. Kosa liko upande wa pili. Katika barua kwa Waefeso, agizo la watoto kutii linafuatwa na onyo kwa akina baba wasiwachokoze watoto wao, na nusu hiyo ya pili husomwa kwa sauti ya chini. Binti anayetumwa jikoni kila akikaribia kushinda amechokozwa, hata kama hakusema kitu.

Basi, akina baba wa Mwiki, Ijumaa hii maji ya ugali yakichemka, inukeni ninyi.