Kalenda ya Shangazi

Kalenda za shangazi yangu ninazo mimi. Ni mbili, za duka moja la dawa la hapa Tanga, na zina duara za kalamu nyekundu. Duara ya kwanza ni siku aliyotua Heathrow. Nyingine ni siku ambayo miezi sita ingetimia, na wiki moja kabla yake ameandika kwa herufi kubwa: KURUDI. Katika safari mbili hakupitiliza hata siku moja. Safari ya tatu alirudishwa kutoka uwanjani, na viza yake iliyokuwa imebakiza miezi kadhaa ikafutwa.

Nayaandika haya kwa ruhusa yake. "Andika, mwanangu," aliniambia, "wasije wenzangu wakafikwa na haya." Nayaandika pia kwa sababu fomu ya maombi niliijaza mimi.

Binti yake anaishi Reading, magharibi ya London. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku, na alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Kumpeleka mtoto kwa walezi wa kulipwa kule ni gharama ya kumaliza mshahara. Shangazi ni mjane, watoto wote wamekua. Nani angemzuia bibi kwenda kwa wajukuu? Tukaomba viza ya matembezi ya miaka miwili, ikatoka. Penye swali la muda atakaokaa niliandika wiki 4. Nilijua atakaa zaidi. Nilijiambia kwamba wiki nne zinasomeka vizuri, na viza ikishatoka, nani atauliza tena? Alikaa miezi mitano na wiki tatu.

Aliporudi tulimpokea kwa shangwe, na baada ya wiki tano akaondoka tena.

Dalili zilikuwepo, na sasa naziona zote. Safari ya kwanza alikwenda na masanduku mawili yaliyojaa nguo. Safari ya pili masanduku yalibeba mchele, dagaa na vitenge vya binti, kwa kuwa nguo zake, pamoja na koti zito la baridi, alikuwa ameziacha Reading. Tiketi ya kurudi ilisogezwa mbele mara mbili. Duka lake la khanga likafungwa "kwa muda", kisha fremu ikachukuliwa na mtu mwingine. Nyumba yake ya Ngamiani akaipangisha, na mpangaji akalipa kodi ya mwaka mzima. Kule Reading alijiandikisha kwa daktari wa mtaa kwa ajili ya presha yake. Kila jambo peke yake lilikuwa la busara. Ukiyaweka pamoja, unamwona mtu aliyehama.

Dalili kubwa kuliko zote ilitoka kwa ofisa uhamiaji mwenyewe, safari ya pili. Alimuuliza mbona amerudi mapema hivyo, akaandika kitu kwenye kompyuta, akamwambia maneno ambayo shangazi aliyaelewa nusu, kisha akagonga muhuri. Simu ya jioni ile ilikuwa ya kicheko: "Ameuliza-uliza, lakini nimepita!" Tulicheka sote. Kumbe lile lilikuwa onyo.

Tulishikilia kanuni ambayo utaisikia kwenye kila kikao cha harusi chenye jamaa wa ughaibuni: mradi usipitishe miezi sita. Miezi sita ni kikomo cha kawaida cha safari moja. Hakuna sheria inayosema ukitoka wiki chache hesabu inaanza upya. Nchi za Schengen zina hesabu yao, siku 90 ndani ya kila siku 180, na nadhani watu huchanganya habari hizi mbili. Uingereza, kila safari hupimwa upya, na kanuni zao zinasema wazi kwamba mgeni asiishi nchini humo kwa safari za kufuatana wala kuifanya makazi yake makuu. Ofisa hutazama umekuja mara ngapi, umekaa muda gani, umekaa kwenu muda gani kabla ya kurudi, na hata kama umejiandikisha kwa daktari. Shangazi alikuwa akihesabu siku. Wao walikuwa wakiuliza nyumba yake iko wapi.

Safari ya tatu aliwekwa kando. Mkalimani wa Kiswahili alikuwa kwenye simu. Akaulizwa anakwenda wapi, akajibu kama ambavyo mama yeyote wa kwetu angejibu: "Narudi kwa wajukuu zangu." Ofisa akataka kujua kwa nini anasema anarudi. Mtoto analelewa na nani mama yake akiwa kazini? "Na mimi." Mkoba ulipofunguliwa ilitoka barua ya kliniki ya presha yenye anwani ya Reading. Halafu wakaleta fomu yangu, yenye wiki zangu nne. Shangazi hakujua hata kwamba niliandika hivyo.

Alilala usiku ule chini ya ulinzi, kesho yake akapandishwa ndege.

Kusema kweli, njia ya haki kwa wazazi ni nyembamba mno. Tangu Julai 2012, mzazi anayetaka kuhamia kwa mwanawe kule hana budi kuonyesha kwamba anahitaji kutunzwa katika mambo ya kila siku, na kwamba matunzo hayo hayapatikani kwao. Bibi mwenye nguvu zake hawezi kuivuka kanuni hiyo, na aliyeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kuibadilisha akiwa kulekule. Kwangu ni sheria ngumu kwa familia. Lakini ugumu wake haukunipa ruhusa ya kuandika uongo kwa niaba ya mama mtu mzima. Anayethibitika kutumia udanganyifu katika maombi anaweza kukataliwa viza kwa miaka 10. Shangazi aliponea chupuchupu, na hatari ile niliitengeneza mimi.

Mwaka uliofuata tuliomba tena. Fomu inauliza kama umewahi kukataliwa kuingia nchi yoyote. Safari hii niliandika ndiyo. Viza haikutoka. Mpangaji wa Ngamiani bado ana miezi ya kodi, kwa hiyo shangazi analala kwangu, chumba cha watoto, na wajukuu wa Reading anawaona kwenye simu.

Kama fomu ya mzazi wako iko mezani kwako leo, mketishe umsomee kila jibu, na uandike muda atakaokaa kweli. Ukiona muda huo haufanani na matembezi, mwambie kabla hajapangisha nyumba.