Je, Elimu ya Miti Ifichwe?



Katika mtaa wetu, hapa chini ya milima ya Usambara, tumeanzisha darasa la watu wote, mara moja kwa mwezi. Hatukai ndani. Twatembea mashambani na kando ya mto, na wanaojua huwaonyesha wasiojua: mti huu jina lake nini, udongo huu wafaa muhogo au mpunga, uyoga huu waliwa au una sumu. Wazee hufundisha, vijana huandika.

Mwezi uliopita mzee mmoja, mganga wa miti shamba, alituonyesha mti, akatutajia jina lake, akanyamaza. Tulipomwuliza wafaa nini, alijibu, "Asiyejua maana haambiwi maana." Baadhi yetu walinung'unika kwamba ni choyo. Wengine tulirudi nyumbani na swali: je, ni haki kumfundisha kila mtu kila kitu?

Tuseme kweli, mzee ana hoja. Mtu aliyesikia kwamba gome ni dawa, na asisikie zaidi ya hapo, huja na panga. Gome likiondolewa kuuzunguka mti mzima, chakula kitokacho majanini hakishuki mizizini, na mti hufa ungali umesimama. Wakikuyu wana mti wa milimani wauitao muiri. Ilipojulikana Ulaya kwamba gome lake huwasaidia wanaume wenye taabu ya mkojo, miti mingi ya namna hiyo huko Kameruni na Madagaska ilichunwa hata ikafa. Tangu mwaka 1995 biashara yake imewekwa chini ya mapatano ya mataifa.

Tena kuna uyoga. Mmoja wetu alikuwa akifundisha kwamba uyoga wenye sumu ukichemshwa sana hauna madhara. Si kweli. Sumu ya ule mbaya kabisa haiondoki kwa moto, na mlaji aweza kukaa saa 6 au zaidi bila kuumwa, akidhani amesalimika, kumbe ini limekwisha kuharibika. Mwenzetu huyo alitoa kwa moyo mweupe, na angeweza kuua nyumba nzima.

Lakini je, kuficha kunalinda? Mwaka 1892 mkuu wa Kijerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua dogo la rangi ya zambarau katika nchi hii yetu. Lilipelekwa Ujerumani, likapewa jina lake, na leo hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Ukimya wa wazee haukumzuia mgeni. Anayefungiwa mlango ni mjukuu. Na mjukuu asiyejua kwamba mti ule ni dawa huukata akachoma mkaa. Hivyo mti hufa kwa panga la mwenye elimu nusu, na hufa kwa shoka la asiye na elimu kabisa.

Basi twaona kosa haliko katika kufundisha, bali katika kufundisha nusu. Anayefundisha faida yampasa afundishe na mpaka: kata kipande kidogo, upande mmoja tu, kisha uache kidonda kipone. Anayefundisha uyoga, asipokuwa na hakika, aseme "sijui" mbele ya watu wote, wala asione haya. Na anayejifunza ajue kwamba somo moja halimpi ruhusa ya kujaza kikapu.

Tena tulikuwa na kosa letu. Yule mzee alijifunza kwa miaka mingi nyuma ya baba yake, na kazi hiyo ndiyo imemlisha. Sisi tulimwendea na madaftari, tukataka vyote asubuhi moja, bila hata kumwuliza kama yu radhi. Hilo nalo ni choyo.

Tulikwenda kwake kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa sharti lake: atamfundisha yeyote, awe mtoto au mtu mzima, atakayepanda mche wa mti ule na kuutunza mpaka upite kiangazi kimoja. Tumekubali. Miche 14 imekwisha kupandwa nyuma ya kanisa, na kila mmoja una mtu wake wa kuumwagilia. Kiangazi kikiisha tutahesabu iliyo hai, na hapo ndipo mzee atakapoanza somo lake.