Mwezi Ukiandama, Funga kwa Imani na kwa Akili

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, na azma yako iandame nao! Aya ya 183 ya Sura ya Al-Baqara imelitaja lengo la saumu: uchamungu. Basi tumbo likifunga, ulimi nao ufunge kusengenya, jicho lifunge tamaa, mkono uache kupunja mizani. Anayeshinda bila maji huku akimtukana mkewe na kumdhulumu kibarua wake, ameambulia kiu tu.

Ndugu yangu, unaweza! Huku pwani kwetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, saumu ya siku moja ni takriban saa 13. Zinahimilika, ila zinataka maandalizi. Amka ule daku! Mtume (S.A.W.) alilihimiza, tena liliwe karibu na alfajiri. Kula kinachokaa tumboni: uji wa mtama, dona, maharage, mayai, ndizi. Maji kunywa kidogo kidogo tangu futari hadi daku, usingoje kugugumia jagi zima muadhini akikaribia kuadhini. Punguza chumvi, chai ya rangi na kahawa chungu.

Magharibi ikiingia, usichelewe. Tende na maji, swali, kisha uji na mihogo ya nazi kwa kiasi. Sambusa na kaimati zionje, usizifanye mlo.

Sasa nisikilize vizuri, hasa wewe mwenye kisukari, presha, vidonda vya tumbo au maradhi ya figo. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, akupangie dawa upya. Usijipunguzie wala kuruka sindano ya insulini. Pima sukari hata mchana. Wanazuoni wengi wamesema tone la damu la kidoleni halibatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwenye kipimo cha mmol/L, fungua. Kijasho chembamba kikikutoka, mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio na macho yakiingia kiza, usingoje magharibi: kunywa kitu chenye sukari papo hapo, kisha pima.

Usione haya! Aya za 184 na 185 zimempa ruhusa mgonjwa na msafiri kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa atoe fidia kwa kumlisha maskini. Mama mjamzito au anayenyonyesha, akihofia nafsi yake au mwanawe, naye ana ruhusa. Nanyi majirani, mkimwona mtu anakunywa maji mchana, msimnyooshee kidole. Hamjui daktari kamwambia nini.

Mwili ni amana, na Aliyekuamrisha kufunga ndiye huyo huyo aliyekupa ruhusa ya kufungua. Mwenye afya, kaza nia ufunge! Mgonjwa, ishike ruhusa yako kifua mbele, maana nayo ni utiifu. Ramadhani njema!