Mtaalamu wa Ubongo Mbele ya Hatia

Katika gereza la mahabusu la Keko, Dar es Salaam, aweza kuwamo mtu ambaye mkono wake umeua, na akili yake haijulikani ilikuwa wapi saa ile. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yairuhusu mahakama kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, kama Isanga kule Dodoma, na daktari hupewa siku 42 kuandika taarifa yake.

Hapo elimu ya ubongo huwa mtumishi wa sheria, na utumishi huo una mtego. Aliyezoea kusema "yaelekea" hutakiwa aseme "ndiyo" au "siyo". Tena swali lenyewe si la fani yake: sheria haiulizi ugonjwa tu, bali kama ugonjwa ulimzuia mtu kufahamu alitendalo, au kujua ya kuwa halimpasi. Uingereza iliuliza vivyo hivyo mwaka 1843, katika shauri la M'Naghten, na hadi leo hakuna chombo kipimacho kujua huko.

Wako wasemao: basi mtaalamu na aamue, maana ndiye ajuaye. Ajua nini? Ajua maradhi; hatia ni neno jingine. Ndiyo maana jaji hafungwi na maoni yake, ingawa jaji ayatupaye pasipo sababu aweza kumpeleka mgonjwa kwenye kitanzi. Naye daktari aandikaye "hakufahamu" hamrudishi mtu huyo nyumbani. Humfungulia mlango wa Isanga, kwa muda usiotajwa katika hukumu.