Usizibe Matundu ya Chini

Tafakari ya juma
Masomo: Zaburi 32:1–5, Mathayo 6:19–21



Aliyegundua ugonjwa wa gari letu hakuwa fundi wala dereva. Ni mama mmoja wa sauti ya pili. Tulikuwa tunarudi Tanga na kwaya kutoka Pangani, masika ndiyo kwanza yameanza. Hiace ya usharika ilipokanyaga dimbwi, mama akapiga kelele kwamba viatu vyake vimejaa maji. Tukadhani ni dirisha. Tulipofika, dereva akainua zulia la mpira, akabonyeza sakafu kwa kidole, na kidole kikapita. Tundu lilikuwa la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Tukachungulia, tukaona changarawe za uwanja wa kanisa.

Mtakumbuka kwamba miaka 2 nyuma tulichangishana kwa ajili ya gari hilohilo. Tulimpa mtu kazi ya kulipulizia lami nyeusi chini yote, likarudi linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikasimama kwenye matangazo nikasema kutu sasa basi. Mkapiga makofi, nami nikayapokea.

Jumatatu nikalipeleka kwa fundi bodi, mzee aliyemaliza ujana wake akichomelea magari ya mji huu wa bahari. Hakusema mengi. Alitandika boksi la katoni, akaingia chini, akaanza kugonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kilijibu kwa mlio mkali kama kengele. Halafu pakaja mahali mlio ukafa, kama mtu anayegonga debe lenye mchanga. Akaita: "Mchungaji, vua koti, njoo ulale huku uone mwenyewe."

Nikalala. Alichomeka bisibisi pembeni ya ile lami, akaivuta, ikabanduka kama ukoko wa ugali. Chini yake kulikuwa na kutu tabaka juu ya tabaka, kama mkate wa kusukuma. Kilichonishtua zaidi ni kwamba gari lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi, na bado tone la maji lilianguka shavuni mwangu. Nilipolionja lilikuwa na chumvi.

"Mlilivika koti la mvua, shati ndani likiwa limelowa," akasema mzee. "Ndiyo maana limeoza."

Akanieleza kazi ya kutu, na wengine mnaifahamu kuliko mimi. Chuma kikikutana na maji na hewa huanza kurudi kuwa udongo. Chumvi haili chuma yenyewe, lakini huyafanya maji yafanye kazi hiyo haraka, tena huvuta unyevu hewani na kuushikilia. Kwa sisi tunaoishi na upepo wa bahari, gari hulowa hata bila mvua. Na Hiace hizi tunazonunua zimetumika Japani. Iliyotoka sehemu za theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, inaweza kushuka bandarini ikiwa imeshaanza kuumwa.

Tofauti na sufuria ya alumini, ambayo ikipigwa na hewa hujijengea ngozi nyembamba ya kujilinda, chuma hakijui kujifunika. Kutu yake huvimba, hupasuka, humomonyoka, na kila gamba likianguka huacha chuma kipya mezani. Waswahili tumelisema sawasawa: bati limeliwa. Ajabu ni kwamba neno la Kigiriki tunalolisoma kama kutu katika Mathayo 6 maana yake ya msingi ni ulaji. Yesu alikuwa anazungumza juu ya kitu chenye meno.

Lakini maji yaliingiaje ndani ya lami? Hapo ndipo mzee alipoanza kutafuta kitu kwa ncha ya kidole, kando ya vile vyuma vya mraba vyenye uwazi ndani vinavyobeba sakafu. Akakwangua kidogo, akachukua kipande cha waya, akasukuma. Matope meusi yakatoka, yakafuatiwa na maji, kijito chembamba kilichochuruzika kwa muda wa kusema Baba Yetu nzima.

Kumbe waliounda gari waliacha matundu kwa makusudi. Walijua maji yataingia tu: kwa mlango, kwa mvuke, kwa dimbwi. Hawakujaribu kutengeneza gari lisiloingiwa na maji. Walitengeneza gari ambalo maji yakiingia yana njia ya kutoka. Sisi, kwa bidii yetu ya kulilinda, tukazipaka lami njia zote. Gari likaonekana zima kuliko siku lilipotoka kiwandani, na tangu siku hiyo likaanza kuoza.

Ndugu zangu, nililala pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimkumbuka mwimbaji wa Zaburi ya 32, anayesimulia kwamba aliponyamaza na kosa lake, mifupa yake ilichakaa. Hasemi uso wake ulichakaa. Usoni pengine aling'aa. Ni mifupa, yaani chasisi ya mwanadamu, kile kinachobeba vingine vyote na ambacho hakuna anayekiona.

Nikamkumbuka pia mdogo wangu. Wengi wenu mnamjua. Tangu mzee wetu afariki tuna neno kati yetu kuhusu shamba la michungwa kule Muheza. Hatujawahi kugombana. Krismasi namtumia salamu, Pasaka ananijibu, kwenye misiba tunakaa mkeka mmoja. Watu husema watoto wa mzee fulani wana adabu. Ile adabu ilikuwa lami. Nilikuwa nimeipuliza mwaka baada ya mwaka juu ya jambo ambalo sikuwahi kulikwangua, na chini yake lilikuwa bichi kama siku ya kwanza.

Nasi kama usharika tusijitoe. Katika ajenda ya kila kikao cha wazee wa kanisa, mwishoni, kuna neno "Mengineyo". Hilo ndilo tundu letu la kutolea maji. Waliotangulia waliliacha pale kwa makusudi, ili kilichoingia bila kupangwa kipate pa kutokea. Mnajua tunavyolifanya. Mwenyekiti anasoma "Mengineyo", anatazama saa, na mimi mchungaji wenu nasema, "Kama hakuna, basi tufunge kwa sala." Nimeziba kwa sala, wapendwa. Kisha tunashangaa maneno yanatokea kwenye sakafu, njiani, mbele ya wageni.

Sasa turudi gereji, maana utaratibu wa mzee yule una mafundisho.

Kwanza aliliosha gari chini kwa maji baridi, akaondoa chumvi na matope, akaliacha likauke siku 2 bila kuligusa. Mjumbe mmoja wa kamati alishauri tupake oili chafu, kama wengi wanavyofanya. Mzee akakataa: oili itadondoka ardhini, italainisha mpira wa bushi, na ikifika kwenye breki mtazika watu. Kisha akalinyanyua, na hakuamini jeki peke yake. Aliweka stendi za chuma ndipo akaingia. Akavaa miwani. Akakwangua kwa brashi ya waya, akaingiza grenda, akamaliza kwa msasa. Kilichooza hakukionea huruma. Alikata bati mpaka akafika kwenye chuma kinacholia, akachomelea kipande kipya. Bomba moja la breki lililokuwa na vidonda alilibadilisha. "Hili halipakwi rangi," akasema. Kuna mambo ya kusafisha, na kuna mambo ya kutoa kabisa, na mtu mwenye hekima hayachanganyi.

Nikadhani hapo tumemaliza kazi ya siku, nikamwambia tuendelee kesho. Akanitazama. "Mchungaji, chuma kilichokwanguliwa hakilali uchi kando ya bahari. Kesho utakikuta cha machungwa."

Wapendwa, hapa wahubiri wengi tunaumiza watu. Tunawakwangua vizuri. Tunawahubiria dhambi zao hadi wanalia, kisha tunawaacha hivyo, wazi, usiku kucha. Toba bila neema ni chuma kilichokwanguliwa kikaachwa kwenye upepo wa chumvi: kitaota kutu upya, pengine mbaya kuliko ya mwanzo.

Jioni ileile alipaka dawa ya asidi kwenye vishimo ambavyo brashi haikufika. Ile kutu nyembamba iliyobaki ikageuka nyeusi, ikatulia. Ilipokauka akapaka praima yenye zinki. Zinki mnaijua, ndiyo inayofunika mabati ya nyumba zetu. Kinga yake si ya kufunika tu. Rangi ya kawaida ikichubuka, chuma huanza kuliwa palepale. Zinki inayogusana na chuma huliwa yenyewe kwanza, na maadamu ipo, chuma kilicho kando yake kinasalimika. Fundi alilisema hilo huku akikoroga kopo, kwa mzaha kidogo: "Hii inakufa kwa niaba ya mwenzake." Kisha akaosha mikono, akaenda kuswali. Nikabaki pale na kopo. Nimehubiri Ijumaa Kuu mara nyingi na sijawahi kupata mfano ulio karibu hivyo.

Baadaye ikaja rangi, kisha ile lami nyeusi, safari hii juu ya chuma kikavu na safi. Lami yenyewe haikuwa na kosa tangu mwanzo. Ilipakwa kabla ya wakati wake. Ndivyo ilivyo adabu, ndivyo ilivyo subira na ukimya. Ni vifuniko vizuri vikiwekwa juu ya jambo lililosafishwa. Kabla ya kupuliza, mzee alichomeka njiti za kiberiti katika kila tundu, akayahesabu, yalikuwa 11. Lami ilipokauka akazichomoa moja moja, akahesabu tena. Mwishowe akaingiza mrija mwembamba, akapulizia nta ndani ya vile vyuma vyenye uwazi, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika.

Alhamisi nilipanda basi kwenda Muheza. Sikwenda na hotuba. Nilimwambia mdogo wangu kwamba nina neno juu ya lile shamba, nimekaa nalo tangu mazishi, na limenila. Alinyamaza, halafu akaniambia kwamba na yeye ana la kwake. Akalisema. Sikulipenda, na mengine sikubaliani nayo mpaka leo. Hatujamaliza, kuna kukwangua kwingi mbele. Lakini shemeji alipoleta chai tulikuwa tumeacha kuongea kwa adabu, na nilijisikia mwepesi kama mtu aliyevua nguo zilizolowa.

Wiki hii naomba tufanye mambo mawili. Nyumbani, kila mmoja atafute tundu moja lililozibwa, alizibue kwa waya mdogo: neno moja la kweli, kwa mtu mmoja, kwa upole. Kanisani, kikao kijacho, tukifika "Mengineyo" nitakaa kimya dakika 5, na hakuna atakayefunga kwa sala mpaka ziishe.

Na vijana wanaoosha gari kila Jumamosi, zamu yenu imeongezeka. Mkimaliza kuosha juu, pigeni maji safi chini, hasa tukitoka Pangani. Kabla ya masika na kabla ya vuli mtapitisha waya kwenye matundu yote. Kisha mmwage jagi moja la maji pale mlangoni, mlale kifudifudi kwenye changarawe, mhesabu yanapodondokea. Mpaka yatimie 11.

Tuombe. Bwana, utuone chini, mahali tusipopenda kuonwa. Ukitukwangua, usituache wazi. Na ukitufunika, utuachie pa kutolea machozi. Amina.